Anayecheka Ana Kenge

Kazini walimwita Masikio, na si kwa sababu yalikuwa makubwa. Yalikuwa masikio ya kawaida, la kushoto lina kovu la mwiba. Walimwita hivyo kwa kuwa kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa moja tu, kusikiliza simu. Anakaa kwenye kiti cha mbao chenye mto uliopasuka, mbele yake simu mbili, daftari na ramani iliyobanduka pembe, na mtu yeyote wa eneo lile akiona mnyama mkali karibu na nyumba yake, anayempigia ni yeye. Zamani hakuacha simu imalize mlio wa kwanza. Siku hizi huiacha ilie mara tatu, anaitazama, anafuta kiganja kwenye suruali, ndipo anainyanyua. Ukimuuliza ana nini atakwambia ni presha. Si presha. Ni mtu aliyekata tamaa, na tuseme hivyo mapema tusije tukadanganyana.

Hakuzaliwa na simu sikioni. Ujana wake aliumalizia porini akiwa askari wa wanyamapori, na huko alikuwa na sifa zake. Ungemwonyesha alama ya ukwato kwenye vumbi, angekwambia ni mnyama gani, dume au jike, kapita saa ngapi, na kama kashiba. Wenzake walimtania kwamba hata majirani zake anawatambua kwa visigino. Halafu nyati mmoja aliyejeruhiwa, ambaye nyayo zake alizisoma sawasawa ila akachelewa kuziamini, alimtokea ubavuni akamvunja nyonga. Alilazwa miezi saba. Mguu wa kulia ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake, na idara, kwa huruma yake, ikampa kiti.

Alikichukia kile kiti. Mtu aliyezoea kusoma ardhi unampa waya, aufanyie nini? Na watu kwenye simu, Mungu awasamehe, hawajui kueleza. Hofu ikimshika mtu, macho yanaona yanachotaka. Mmoja alimwelezea simba mwenye mkanda shingoni, na gari lilipofika likakuta mbwa wa mwalimu mkuu. Mwingine alisema kuna "kitu kama sungura hivi, ila kikubwa," na kitu chenyewe kilikuwa chui. Kituo kilikuwa na gari moja, askari wawili, na dereva waliyemwita Gia Tatu kwa sababu hakuna mtu aliye hai aliyewahi kumwona akiingiza ya nne. Gari moja, kwa eneo ambalo mwisho wake kwenye ramani umefunikwa na swichi ya taa. Ukilituma kwa mbwa wa mwalimu mkuu, upande wa pili tembo anamaliza mtaa. Kwa hiyo ilibidi Masikio akisie, na akisie vizuri.

Ndipo siku moja akagundua kwamba hakuna haja ya kusikiliza watu wanasema nini. Asikilize wanavyosema.

Anayeripoti simba, aligundua, hutaja majina yake yote matatu, na la mtaa wake, polepole, kama anayeandikisha wosia. Anayeripoti nyati anahema, na ukimuuliza yuko wapi anajibu, "Juu." Juu wapi? "Juu tu, kaka." Tembo hupigiwa simu ya malalamiko: mpigaji anaanza na serikali, anashuka kwa mbunge, na tembo anakuja kutajwa mwishoni kabisa, kama jirani mwenye redio ya kelele. Fisi wana sauti nne kwenye simu moja, na kila sauti ina idadi yake. Mamba anapigiwa na mtu mtulivu kabisa, anayetaka tu kuthibitishiwa kwamba lile ni gogo, "isipokuwa jana halikuwepo." Anayeuliza kama ni kweli kiboko ana mbio, usipoteze muda kumjibu, mwambie akimbie. Kwa nyani, mpigaji anatukana. Na chui ndiye rahisi kuliko wote, kwani mtu ananong'ona, wala hana habari na mnyama yeyote, anauliza tu kama kuna aliyemwona mbwa wake.

Kwa watambaao alikuwa na mistari mitatu. Anayelia ana nyoka. Anayelia huku anamtaja Mungu ana nyoka mwenye sumu. Na anayecheka ana kenge, kwa sababu kenge ni mkubwa wa kutisha, lakini mtu akishamwona anavyotembea, kama mzee mzima aliyesahau miwani, hofu inageuka kicheko.

Aliyaandika yote kwenye kipande cha manila kwa kalamu nyekundu, akakibandika juu ya simu chini ya kichwa cha habari kisemacho JINSI YA KUMTAMBUA MNYAMA MKALI BILA KUMWONA. Gia Tatu aliposoma mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Ajabu ni kwamba mambo yale yalifanya kazi. Mkuu wa kituo, mtu anayependa takwimu kuliko chai, alipitia daftari la mwaka mzima akakuta Masikio anapatia mara tisa kati ya kumi. Wakaguzi walikuja, wakacheka, wakaipiga picha ile manila, wakaondoka na picha. Kwa miaka kama mitano hivi Masikio alikuwa mtu mwenye furaha. Alijiona amerudi porini, anasoma nyayo tena, ila sasa nyayo zilikuwa kwenye sauti. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Lakini wahenga wamesema mengi, na nani anayakumbuka kabla usaha haujatoka?

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Gia Tatu alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, maana dakika mbili nyuma mwalimu mmoja alikuwa amepiga akihema kwamba kuna mnyama ndani ya uwanja wa shule, na alipoulizwa yuko wapi akasema yuko juu ya tangi la maji. Simu ya pili ikalia.

"Haloo, wanyamapori."

"Haloo kaka, habari za asubuhi. Mimi ni... samahani." Mwanamke alicheka. "Kuna kitu stoo."

"Kitu gani, dada?"

"Sijui! Nimeona mkia tu, unaingia nyuma ya magunia." Akacheka tena, kicheko cha pumzi fupi fupi, kama mtu anayetekenywa. "Mkia mrefu, kaka. Rangi kama majivu."

"Ana miguu?"

"Sijaona miguu. Nimeona mkia." Na kicheko juu yake.

Masikio akamtazama Gia Tatu, akanyoosha kidole kwenye mstari wa mwisho wa manila. Gia Tatu akatabasamu, akaenda zake shuleni kwa nyati.

"Nisikilize, dada. Huyo ni kenge. Ni mpangaji tu, hana sumu. Bwana yupo?"

"Yupo, anakunywa chai."

"Mwambie afungue dirisha la stoo, achukue fagio, amsukume taratibu atoke. Asimpige, amsukume tu. Na mwambie asiwe na wasiwasi, kwenye msafara wa mamba na kenge wamo."

Yule mwanamke alicheka mpaka akakohoa. "Jamani, asante kaka. Asante sana. Nilikuwa nimeogopa."

"Usijali, dada."

Kwenye daftari akaandika: Kenge. Si haraka. "Nilikuwa nimeogopa," alisema yule dada, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na Masikio alilisikia neno lile likiingia na likitoka. Hilo ndilo linalomtafuna mpaka leo.

Saa sita mchana ilipigwa simu nyingine kutoka mtaa ule ule. Safari hii alikuwa mwanaume, na sauti yake haikuwamo kwenye orodha. Hakuhema, hakulia, hakutukana. Alisema tu kwamba anapiga kuhusu yule dada wa kenge.

"Hakuwa kenge," alisema. "Ni nyoka, koboko. Amemuuma mume wake mara mbili, hakufika hospitali. Tunaomba mje mumtoe, bado yumo."

Gari lilikwenda. Kutoka kile kituo hadi kwenye ile nyumba ni mwendo wa dakika ishirini na tano, hata kwa gia ya tatu. Masikio alilijua hilo kwa sababu alikaa akiitazama saa ya ukutani mpaka Gia Tatu alipompigia kusema wamefika. Dakika ishirini na tano. Lingekwenda asubuhi baada ya shule, lingefika kabla yule mtu hajamaliza chai ya pili, mradi tu mtu mmoja angemwambia asiguse mlango. Masikio alijichukia kwa namna ambayo hata nyati hakuwahi kumfanya ajichukie.

Mkuu wa kituo alimhoji siku ya tatu, ofisini kwake, mlango umefungwa.

"Alisema ni nyoka?"

"Hapana, Mkuu."

"Alisema hana miguu?"

"Alisema hajaona miguu."

"Sasa?"

"Sasa nilipaswa kumuuliza zaidi. Mkia bila miguu, rangi ya majivu, mtoto mdogo angeuliza zaidi. Mimi nilisikiliza kicheko."

"Tisa kati ya kumi, ndugu yangu," Mkuu alisema, na alisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Huyu ndiye wa kumi. Mimi nilijua ipo siku atakuja. Usijitie kitanzi bure."

Ripoti ikatoka. Ilisema kwamba mpigaji alitoa maelezo yasiyojitosheleza. Barua yenye muhuri ikapelekwa kwa familia ikiwa na maneno hayo hayo, chini ya neno "pole" lililopigiwa mstari. Masikio alipoisoma nakala yake alirudi kwa Mkuu, akaomba sentensi ile ibadilishwe. Iandikwe kosa ni la mpokea simu. Yeye yuko tayari kuondoka kazini hata leo.

"Nikiandika kosa ni lako, nimeandika kosa ni la orodha," Mkuu alimjibu. "Na orodha inatumika vituo kumi na kimoja sasa. Niwaambie nini hao? Nenda nyumbani ukapumzike, upige usingizi."

Hakupiga usingizi. Aliibandua ile manila akaichana vipande vidogo vidogo, akavitia mfukoni asije mtu akaviunganisha. Jumatatu alipoingia kazini alikuta mpya imewekwa pale pale. Hii ilikuwa imechapwa kwa kompyuta, imepigwa plastiki, ina nembo ya idara juu, na pembeni kabisa mtu mwenye kipaji alikuwa amemchora kenge anacheka.

Kuanzia hapo kazi ilimshinda. Aliapa hatasikiliza tena sauti, atasikiliza maneno. Kila aliyepiga akawa anaulizwa maswali kama yuko mahakamani. Ana miguu? Mingapi? Umeihesabu wewe mwenyewe au umehadithiwa? Mtu mmoja aliyekuwa juu ya mti na nyati chini yake alimpigia kelele, "Kaka, ngoja nishuke nikaihesabu nitakupigia!" Askari wote wawili walicheka siku nzima. Yeye hakucheka. Alituma gari kwa kila simu, asije akakosea tena, na Gia Tatu akaenda kilomita thelathini kukutana na paka. Siku hiyo hiyo tembo alibomoa ukuta wa zahanati na gari halikuwepo. Hakufa mtu, lakini Masikio aliona wazi kwamba bila orodha hafai kitu, na orodha yenyewe hawezi kuitazama. Akipiga mtu anayecheka, hata kama anacheka na mwenzake pembeni, kalamu yake haiandiki.

Nyumbani mke wake, ambaye ni mpishi wa shule na amezoea watoto wasiokula, alimwangalia wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya tatu. Sahani yake ikawa inarudi jikoni ilivyokwenda. Alimwambia aende kwa daktari. Alimwambia aombe likizo. Wiki ya sita, Jumamosi, alimkuta anapiga pasi shati jeupe.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa yule dada."

Mke akauvuta ule waya wa pasi ukutani, akakaa kitandani. "Baba nanii, nikuulize. Unakwenda kumpa pole, au unakwenda kuichukua wewe?"

"Ile barua inasema yeye ndiye aliyekosea. Nyumba nzima wanaisoma hivyo. Nakwenda kumwambia si yeye."

"Na wewe ukitoka pale utajisikiaje?"

Alijua angejisikia vizuri. Kwa wiki sita alikuwa akijiona akitoka pale mtu mwepesi, ametukanwa, pengine amepigwa hata kofi, na ameyamaliza. Alilivaa lile shati likiwa na joto.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na stoo nyuma, yenye geti la chuma la maua maua. Marehemu alikuwa fundi wa kuchomelea, na geti lile alilitengeneza mwenyewe. Ungeweza kuona mahali alipounga vibaya akarudia. Mlango wa stoo ulikuwa umeng'olewa bawaba na kuegemezwa ukutani, na magunia yalikuwa nje, juani, yamefunguliwa midomo. Ndani, chumba cha mbele, mwanamke wa miaka thelathini na kitu alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule. Kwenye mkeka, mgongo ukiwa umeegemea kabati, bibi mmoja alikuwa amenyoosha miguu akitenganisha vifungo na kuvitia kwenye makopo, vyeupe huku, vya bluu kule. Huyo alikuwa mama yake marehemu.

Masikio alisalimia, akataja kwamba anatoka idara ya wanyamapori. Mwanamke aliacha kukanyaga cherehani.

"Sauti hii naijua," alisema. "Wewe ndiye uliyepokea simu."

"Ndiye mimi."

Alikuwa amejiandaa kwa kofi. Hakuwa amejiandaa kuona mtu anasimama, anamfutia kiti vumbi kwa upande wa kanga ya kiunoni, anakwenda kumletea maji. "Karibu, mzee wangu, karibu sana. Mama, huyu ndiye yule niliyekwambia. Siku ile nzima huyu peke yake ndiye aliyeongea na mimi vizuri. Hospitali walinifokea eti nimechelewa. Polisi walinifokea. Barua ilivyokuja nayo ikanifokea." Akaweka glasi mkononi mwake. "Wewe ulinitania, nikatulia. Nimewaambia watu wote."

Bibi aliitika salamu, akarudi kwenye vifungo vyake.

Hapo angeweza kunywa maji akaondoka. Tusimsingizie, aliliwaza hilo. Aliyanywa yote, akaitazama glasi, na akawaza kwamba angesema pole, akasimama, akatoka, na yule dada angebaki na mtu mmoja mwema katika siku ile yote. Lakini alikuwa amebeba mzigo wake wiki sita, na mgongo ulikuwa unauma. Akapiga moyo konde.

"Dada, ile barua ni ya uongo. Maelezo yako yalitosha kabisa. Kosa ni langu."

"Kosa gani tena, mzee?"

"Tuna orodha pale kazini. Niliitunga mimi. Ni ya kumtambua mnyama kwa namna mtu anavyoongea, tuseme ilianza kama utani. Anayelia, tunaandika nyoka. Gari linakwenda." Alishusha macho. "Anayecheka, tunaandika kenge. Wewe ulikuwa unacheka."

Mkono wa mwanamke ulikuwa umelala juu ya gurudumu la cherehani.

"Mimi nikiogopa nacheka," alisema. "Tangu utoto. Nilichapwa msibani kwa babu yangu kwa ajili hiyo, mbele za watu. Siwezi kujizuia. Kadiri ninavyoogopa ndivyo ninavyocheka."

"Nimelijua hilo baadaye. Ndiyo maana nimekuja kukwambia kwamba si..."

"Ningelia ungefanyaje?"

Angeweza kudanganya. Lakini alikuwa amekuja kusema kweli, na kweli ikishashika njia haigeuki.

"Ningetuma gari."

"Na mume wangu? Ungeniambia aingie?"

"Ningekwambia mfunge mlango mkae nje."

Sauti ya vifungo kwenye makopo ilikuwa imekoma. Masikio alipogeuka alimkuta bibi anamtazama, miguu ameikunja, kifungo kimoja cha bluu kikiwa bado katikati ya vidole.

"Rudia," alisema bibi.

"Mama, kosa ni langu mimi, si..."

"Sijakuuliza kosa la nani. Ulisikia nini kwenye simu?"

Masikio alimtazama mwanamke, kisha bibi. "Kicheko, mama."

"Kicheko." Bibi alikiweka kile kifungo kwenye kopo lake, taratibu. "Makaburini alijiziba mdomo na kitambaa, mabega yanacheza. Nikasema, jamani, huyu anacheka. Wanangu wakaniambia, mama, uchungu umekuchanganya, analia huyo. Nikanyamaza. Nikaanza kujiona mimi ndiye mwenye roho mbaya." Akapaza sauti kuelekea uani. "We! Acha hiyo kazi uje! Amekuja mtu wa serikali, njoo umsikie kwa mdomo wake."

Aliingia mwanaume mrefu, mdogo wake marehemu, mikono ina grisi. Masikio alisimama. Alisema mambo mengi kwa mpigo mmoja. Kwamba kicheko kile kilikuwa hofu tupu. Kwamba shemeji yake alieleza mkia, rangi, kila kitu. Kwamba orodha yenyewe ni upuuzi wa mtu aliyechoshwa na kiti, kwamba yeye ni mtaalamu na ndiye aliyetakiwa kuuliza. Maneno yalimtoka yakagongana. Na kila alipozunguka ilimbidi apite pale pale, kwamba kama yule dada angelia, gari lingekuja. Mwanaume alisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama shemeji yake mara moja tu, halafu akatazama sakafu.

"Kumbe," alisema, akarudi uani.

Bibi aliyasogeza makopo yake kando, akajigeuza kwenye mkeka akaupa mgongo ule upande wenye cherehani. Masikio alitaka mtu amtukane. Hakuna aliyekuwa na nafasi naye.

Mwanamke alimsindikiza, kama mgeni anavyosindikizwa. Walipita kwenye magunia, wakafika getini. Hakuwa analia wala hakuwa anacheka.

"Nisamehe, dada," alisema Masikio. "Nilitaka kukuondolea ule mzigo wa barua."

"Najua ulitaka nini." Alikuwa ameshika komeo. "Wiki tano mama hakugusa nilichopika. Alikuwa anapelekewa chakula kutoka kwa jirani, anakula ameniangalia. Jumatano hii ndiyo alianza kula changu. Jana akaomba aongezewe."

Aliyasema bila hasira. Akamfungulia, akangoja atoke, akafunga geti.